Mapumziko ya Pwani: Uliza Kabla ya Kulipa



Mmetuomba tueleze haki za mlaji anapokwenda kupumzika pwani. Tumechagua kutumia mfano wa Pangani, mkoani Tanga, kwa kuwa huko yapo yote tunayotaka kuyasema: ufukwe mrefu wa Ushongo, hoteli ndogo zenye vyumba vichache, samaki wanaovuliwa alfajiri na kuliwa mchana, na kisiwa cha Maziwe.

Hoteli hizo ndogo zina utamu wake. Aghalabu mgeni hupokewa na mwenye hoteli mwenyewe, hukaribishwa dafu, na jioni huulizwa iwapo angependa pweza wa nazi au samaki wa kupaka. Hakuna foleni wala fomu nyingi. Hiyo ndiyo raha mliyoifuata, nasi hatutaki kuiharibu. Hata hivyo, pasipo na maandishi hubaki neno la mtu, na neno moja huweza kusikika kwa namna mbili. Ugomvi mwingi wa aina hii huweza kuanza bila utapeli wowote: mgeni hakuuliza, na mwenyeji hakusema.

Bei ni ya nini?

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mume na mke wametajiwa bei ya shilingi 120,000 kwa usiku. Wanataka kulala siku tatu, hivyo wanatenga shilingi 360,000. Wanapofika wanaelezwa kuwa bei ile ni ya mtu mmoja, endapo wawili watalala chumba kimoja. Deni lao ni shilingi 720,000. Akiba ya miezi kadhaa inakwisha kabla hawajakanyaga mchanga. Mwenye hoteli ataona kuwa hakudanganya, kwa kuwa hoteli nyingi za ufukweni hutaja bei kwa namna hiyo. Lakini mlaji anayesafiri kwa mara ya kwanza angeijuaje desturi hiyo?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizeni: bei ni ya mtu au ya chumba? Watoto hulipiwa vipi? Kifungua kinywa kimo, na chakula cha usiku je? Kodi ya ongezeko la thamani imekwisha kujumlishwa? Mtajiwe bei hiyo kwa shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Msichanganye pia nyota na nyota. Nyota za daraja la hoteli hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyota mnazoziona mtandaoni ni maoni ya wageni waliotangulia. Zote zina faida, ila si kitu kimoja. Hoteli isiyo na nyota hata moja inaweza kuwa safi na yenye ukarimu. Isipokuwa haifai kujivika nyota ambazo haikupewa.

Malipo ya awali

Hoteli yenye vyumba sita ikikosa mgeni mmoja aliyeahidi kufika, hasara yake ni kubwa. Ndiyo maana wengi hudai malipo ya awali, na dai hilo ni la haki. Tunachosisitiza ni njia ya kulipa. Lipeni kwa akaunti au lipa namba ya biashara, na kabla ya kuthibitisha muamala lisomeni jina linalotokea: je, ni la hoteli mliyozungumza nayo? Mkielekezwa kutuma fedha kwa namba ya mtu binafsi, haraka, kwa sababu "chumba kimebaki kimoja", simameni kwanza. Itafuteni hoteli kwa njia nyingine na kuzungumza na mhusika. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, unaweza kutaarifiwa kwa namba 15040.

Jambo lingine ni kuahirisha. Ulizeni mtarudishiwa kiasi gani mkiahirisha ninyi, na kiasi gani wakiahirisha wao. Majibu yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mezani

Chakula cha pwani ni sehemu ya safari, lakini samaki mzima huuzwa mara nyingi kwa kilo. Ulizeni: kilo hiyo hupimwa kabla au baada ya kumwondoa magamba na matumbo? Wali na kachumbari vimo katika bei? Ombeni samaki apimwe mbele yenu. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika; kuitazama stika hiyo si utovu wa adabu. Mkimaliza, daini risiti ya mashine ya kielektroniki. Kuidai ni wajibu wenu kisheria, na siku ya mgogoro itakuwa shahidi wenu.

Baharini

Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo limebaki fungu la mchanga mweupe, nalo hufunikwa maji yanapojaa. Mwenye kutangaza "safari ya Maziwe kila siku saa nne asubuhi" anaahidi jambo ambalo bahari haikukubali, kwa sababu saa ya kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita tatu. Ulizeni basi: siku yetu, maji yatakupwa saa ngapi? Tozo ya kuingia hifadhini imo katika bei? Upepo ukichafuka, tunarudishiwa fedha au tunapangiwa siku nyingine?

Juu ya hayo, hesabuni jaketi okozi kabla ya boti kung'oa nanga. Kila abiria awe na lake, na mtoto awe na la kimo chake. Likipungua moja, msipande. Fedha iliyopotea hutafutwa tena.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo msingi wa kazi yetu, inakataza mtoa huduma kumpotosha au kumhadaa mlaji. Chumba kilichotangazwa kuwa kinatazama bahari kikiwa kinatazama ukuta, si bahati mbaya ya mgeni. Zungumzeni na mwenye hoteli siku hiyo hiyo, kwa utulivu. Mkimweleza mapema, bado ana nafasi ya kuwabadilishia chumba. Asiporekebisha, leteni malalamiko kwa maandishi, yakiambatana na tangazo mliloliona, ujumbe mlioandikiana, risiti na picha.

Ndugu wanachama, hatukuja kuwatia hofu. Mwenyeji mwaminifu hufurahia mgeni anayeuliza, kwa kuwa mgeni huyo hataondoka na kinyongo. Kuuliza si ujinga. Ulizeni mkiwa bado nyumbani, fedha zikiwa bado mikononi mwenu, ili mkifika Ushongo mbaki na kazi moja tu, ya kupumzika.