Barabarani au Nyumbani?

Leo tumfikirie muuguzi mwenye barua mbili mkononi. Moja yamwita chumba cha dharura. Nyingine yamwita kuwauguza wagonjwa majumbani mwao. Aifuate ipi?

Kwenye dharura majeruhi huletwa akivuja damu, wenzake wapo kumsaidia, na kabla hajalijua jina lake amekwisha kupelekwa wodini. Nyumbani hujua hata majina ya wajukuu. Lakini yu peke yake, daktari yu mbali, na kidonda huchukua miezi kupona.

Mwaka 1859, huko Liverpool, Uingereza, William Rathbone alimwajiri muuguzi Mary Robinson awauguze maskini nyumbani kwao kwa miezi 3. Baada ya mwezi mmoja alirudi akilia kwa taabu alizoziona. Akatiwa moyo, akavumilia. Muda ulipotimia, aliomba kuendelea.

Yule Msamaria naye alifunga majeraha barabarani, kisha akamtunza mtu yule katika nyumba ya wageni. Huruma ni moja.

Basi tusiulize kazi ipi ni kubwa. Tuulize, ni mateso yapi tunayoweza kuyarudia kesho asubuhi pasipo mioyo yetu kuwa migumu? Huenda ndiko Mungu anakotuita. Amina.