Mashindano na magomvi

(Mazungumzo na viongozi wa wahamaji wa vita na jamaa zinazowapokea, Kivu ya Kaskazini)



Leo tuzungumze juu ya neno mashindano. Linatoka kwa kushinda, nalo kushinda lina maana mbili. Timu inashinda mechi; na jioni tunaulizana, "Mumeshinda namna gani?", yaani mmepitishaje siku. Tukiongeza "na" mwishoni tunapata kushindana. Hiyo "na" inatuambia kwamba mtu hashindani peke yake; anamhitaji mwenzake, kama wanaosaidiana. (Ni kweli, hata kupigana kuna "na".)

Neno la jirani ni kugombea. Mtu anagombea kiti. Badilisha mwisho kidogo, unapata kugombana. Mwaka 2006 nchi yetu iliona maneno hayo yakigusana. Wagombea urais walikuwa 33, na tarehe 30 Julai watu walipanga mstari wakapiga kura. Mwezi wa Agosti, matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa, walinzi wa Joseph Kabila na wa Jean-Pierre Bemba walipigana Kinshasa kwa silaha. Machi 2007, uchaguzi umekwisha, vita ikawaka tena mjini. Kugombea kiti hakukuwa kosa. Kosa ni kuingia uwanjani na bunduki.

Sasa tuje kwetu. Mhamaji aliyeacha shamba lake anatafuta kulima kwa watu apate chakula cha siku. Kwa sababu ya njaa anakubali malipo madogo. Mwenyeji aliyekuwa akilima hapo anakosa kazi, naye anasema, "Wamekuja kutunyang'anya." Wote wawili wana njaa, anayefaidika ni mwenye shamba. Basi chifu na kamati ya wahamaji wakae pamoja, wapatane na wenye mashamba juu ya malipo ya siku yaliyo sawa kwa wote, kabla ya msimu wa kulima. Refa huchaguliwa kabla ya filimbi ya kwanza, si baada ya bao kukataliwa.

Kwa habari ya mpira, vijana wanaupenda, nami pia. Lakini sipendi mechi ya "wenyeji" na "wahamaji". Ni kuchukua ufa uliopo na kuuvalisha jezi. Changanyeni watu katika kila timu.

Mambo mengine yasiingizwe katika mashindano kabisa, na la kwanza ni maji. Mwenye nguvu akitanguliza bidoni zake tano, mtoto aliyefika alfajiri anarudi mikono mitupu. Kila jamaa ichote bidoni mbili kwanza mpaka wote wapite, wagonjwa na wenye mimba wakitangulia. Wasimamizi wawe mama wawili, mmoja wa wahamaji, mmoja wa wenyeji. Na ufunguo wa bomba ulale kwa nani? Hilo kila kamati ilijibu leo, kabla hatujatawanyika.