Daktari wa Upasuaji Analipwa na Nani?

Mazungumzo ya daktari na wanakisomo wa Mazinde

Mzee mmoja kaniuliza pale nje: "Daktari, ukipasua watu wengi unapata hela nyingi?" Hapana, mzee wangu. Mimi ni mwajiriwa wa hospitali. Nipasue mmoja, nipasue kumi, mshahara wa mwezi ni ule ule.

Mambo yamebadilika sana. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Za misheni ziliendelea. Mwaka 1991 ruhusa ikarudi. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Mwaka 2001 ikaanza bima ya afya, kwanza kwa watumishi wa Serikali. Siku hizi, kabla sijashika kisu, karani anauliza: una bima, au unalipa taslimu? Swali hilo silipendi. Lakini hata glovu na nyuzi za kushonea zinanunuliwa kwa fedha hiyo.

Sasa nisikilizeni. Nilipokuwa kazini mahali pengine, aliletwa baba mmoja mkulima. Alikuwa na ngiri, ile tunayoiita mshipa. Miaka yote ilitoka akiinua mzigo, ikarudi akilala. Siku hiyo ikagoma kurudi. Ikawa ngumu, inauma, naye anatapika. Ndugu zake walikaa siku tatu wakitafuta mnunuzi wa ng'ombe, maana waliogopa kufukuzwa hospitali bila fedha. Nilipompasua, utumbo ulionaswa ulikuwa mweusi, umeoza. Nilikata kipande kile nikaunga. Siku ya tano alifariki. Fedha ya ng'ombe ililisha waombolezaji.

Angekuja siku ile ile, ningeurudisha utumbo wake ndani na kushona. Huenda angelima msimu ule.

Basi ngiri ikigoma kurudi, msitafute mnunuzi, tafuteni gari. Nendeni Magunga pale Korogwe, au Bombo, Tanga. Mgonjwa wa dharura anatakiwa kutibiwa kwanza. Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii aombe msamaha. Na mtu akidai hela ya mkononi, akisema "hii ni ya daktari", mwambie aandike risiti. Siku moja mgonjwa alinishukuru kwa kazi akasema, "Ile yako nilimpa yule kijana." Kijana gani? Sikuona hata senti.

Mwenye uvimbe wa kinena asione haya. Nitakaa chumba kile cha mwisho mpaka saa kumi jioni. Mlango utafungwa, na ataingia mmoja mmoja.