JESHI LIKICHUKUA NCHI, TUSHANGILIE?

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri, Salama)



 



Mada ya leo sikuichagua mimi, mmeichagua nyinyi. Tangu mwezi uandame, kila tukimaliza kufuturu hapo barazani maneno ni yale yale. Mmoja anatoa simu, anaonyesha video ya Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, anasema "Huyu ndiye kiongozi, sisi tumekalia kura tu." Mwingine anajibu, sauti zinapanda. Juzi vijana wawili wa darsa moja wameinuka hapo bila kupeana mkono wa salamu. Kwenye Ramadhani! Sasa nikasema jambo hili tulilete msikitini tulitazame vizuri, kwa adabu.

Nitaanza na wanaosema heri jeshi, kwa sababu nao wana hoja, si wendawazimu. Wanasema: huyu tumemchagua, amekula kodi yetu, kijana ana cheti na hana kazi, hospitali haina dawa. Na kura zenyewe zimenunuliwa kwa unga na mia mbili. Sasa hiyo ni bai'a gani? Mwenye ilimu kidogo anaongeza kwamba hata wanazuoni wetu wa zamani waliandika juu ya mtawala aliyeshika nchi kwa nguvu, na wakasema atiiwe. Ni kweli. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliizungumza amiri aliyenyakua utawala kwa upanga, na wengi baada yake wakasema aliyekwisha kushinda atiiwe ili damu isizidi kumwagika.

Lakini hebu tuwe waangalifu hapa. Hiyo ni hukumu ya dharura. Mwenye kufa njaa ameruhusiwa nyamafu ili asife. Hakuambiwa atoke asubuhi na panga kwenda kutafuta nyamafu. Wanazuoni walisema maneno yale juu ya jambo lililokwisha kutokea, wakiogopa fitna kubwa zaidi. Wewe unayachukua kuwa kibali cha kuianzisha fitna yenyewe. Mnanielewa?

Sasa twende kwetu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Ilikuwa Mfunguo Mosi, siku kumi hivi baada ya Idi. Watu waliamka, wakafungua redio, wakasikia serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Waliofanya hivyo ni askari wa jeshi la anga, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini. Waliishika Sauti ya Kenya, wakamchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", akasomeshwa tangazo mbele ya bunduki. Baadaye siku hiyo hiyo sauti yake ikarudi hewani kusema serikali ipo. Wanajeshi watiifu walikwisha kuingia pale wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, Mwislamu mwenzetu kutoka Garissa. Mkuu wa majeshi yote wakati huo alikuwa Jenerali Jackson Mulinge, mtu wa hapa hapa Ukambani.

Sasa tazama zile saa chache. Walioteremka mitaani Nairobi kushangilia "ukombozi" hawakukaa sana na kushangilia. Walivunja maduka. Maduka ya Wahindi yaliporwa, nyumba za watu zikaingiwa, wanawake wakanajisiwa. Wanawake hao walihusika nini na siasa za Moi? Watu zaidi ya mia moja walikufa, wanajeshi na raia. Ochuka alikimbilia Tanzania kwa ndege, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa. Askari kwa mamia walifungwa, na jeshi lote la anga likavunjwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Raila Odinga akawekwa kizuizini miaka mingi bila hukumu.

Kuna atakayeniuliza: "Kwani serikali ile ilikuwa imechaguliwa?" Swali zuri. Uchaguzi ulikuwa mwaka 1979, wabunge tuliwapigia kura, lakini urais ulikuwa na jina moja tu. Na mwezi Juni 1982, wiki chache kabla ya mapinduzi, Bunge liliweka kifungu cha 2A kwenye katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kwa hiyo dhulma ilikuwepo. Wale askari hawakuizua, waliiona kama kila mtu alivyoiona. Lakini walichokileta ni nini? Waliipa serikali sababu iliyokuwa ikiitafuta. Baada ya Agosti ile mkono ukazidi kuwa mzito: vyumba vya mateso vya Nyayo House, kamatakamata ya Mwakenya mwaka 1986, kisha mwaka 1988 kura za mlolongo, ambapo mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi mchana kweupe.

Na aliyekiondoa kifungu cha 2A ni nani? Si bunduki. Kilifutwa Desemba 1991, baada ya mawakili, viongozi wa dini, akina mama na wanasiasa waliosimama uwanjani wakapigwa, wakafungwa, wakatoka, wakasimama tena. Ni njia ndefu na inachosha, lakini ndiyo iliyofika.

Sisi wa Ukambani tuna somo letu jingine ambalo vijana wengi hawakuambiwa. Tangu enzi za Mkoloni, KAR ilijaa Wakamba, na baada ya uhuru kijana wa huku aliona jeshi kama kazi ya nyumbani. Mwaka 1971 ikagunduliwa njama ya kuipindua serikali ya Mzee Kenyatta. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa miaka tisa na nusu. Mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, aliacha kazi. Jaji Mkuu Kitili Mwendwa, mtoto wa Kitui na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, naye akajiuzulu. Hao wawili hawakushtakiwa mahakamani. Majina yao yalitajwa tu, ikatosha. Njama ambayo haikupiga hata risasi moja iliondoa wakubwa wawili wa eneo moja kwa mwaka mmoja. Kijana anayesema jeshi litatuokoa sisi wanyonge na akumbuke kwamba wanyonge ndio hushukiwa wa kwanza.

Dada mmoja ameniletea karatasi: "Je, kama anayepindua ni Mwislamu, na anayepinduliwa anawaonea Waislamu?" Swali hili linahitaji tusafiri hadi Uganda.

Milton Obote alishika nchi kwa kura mwaka 1962. Mwaka 1966 aliitupa katiba, akatuma jeshi kuivamia ikulu ya Kabaka pale Mengo, na aliyeliongoza jeshi hilo ni Idi Amin. Yaani mwanasiasa mwenyewe ndiye aliyemfundisha askari njia ya ikulu. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore mkutanoni, Amin akaipita njia ile ile. Kampala ililipuka kwa shangwe, watu wakapanda juu ya vifaru. Waislamu wengi walifurahi zaidi, wakasema leo tumepata mtu wetu. Na baadhi yao walinufaika kweli: vyeo, biashara, na mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda.

Kisha ikawaje? Watu waliuawa kwa miaka minane, makadirio mengine hufika watu 300,000, na Waislamu wakiwa miongoni mwao. Amin alipoanguka mwaka 1979 yeye alipanda ndege, akaishia Saudia. Waislamu wa kawaida wa Ankole, wakulima na wenye vijiduka, ndio waliobaki kulipa. Waliuawa na majirani zao kwa deni la mtu aliyekuwa akisali kama wao. Kwa hiyo dada yangu, jibu langu ni hilo. Dhalimu akiwa na jina kama langu, siku akiondoka huniachia mimi deni.

Na geuza upande wa pili, utazame Misri. Muhammad Morsi alichaguliwa Juni 2012 kwa asilimia 51.7. Alikuwa na makosa, hata waliompenda walisema hivyo, na mamilioni ya Wamisri waliandamana kumpinga. Tarehe 3 Julai 2013 jeshi chini ya Jenerali al-Sisi likamwondoa. Siku ile Shekhe Mkuu wa al-Azhar na Papa wa Makopti walikaa pamoja na jenerali. Wengi wa waandamanaji walikuwa vijana kama nyinyi, wakapiga makofi, wakidhani jeshi limewatumikia. Siku chache baadaye Ramadhani ikaingia, na wafuasi wa Morsi wakafunga na kufuturu barabarani pale Rabaa al-Adawiyya. Idi ikapita. Tarehe 14 Agosti wakavunjwa kwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa pale kuwa si chini ya 817. Na wale vijana waliopiga makofi? Wengi wao wakafuata jela. Morsi mwenyewe alianguka mahakamani akafa, Juni 2019.

Sudan sina haja ya kusema mengi. Oktoba 2021 majenerali wawili walishirikiana kuiondoa serikali ya mpito ya raia. Tarehe 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, majenerali wale wale wakageuziana bunduki, na Khartoum ikaungua watu wakiwa na saumu. Malkia wa Sabaa aliwaambia wakuu wake, kama Qur'an inavyosimulia katika Suratun Naml, kwamba wafalme wakiingia mji kwa nguvu huuharibu na kuwadhalilisha wenyewe wenye heshima. Yule mama hakuwa amesilimu bado, lakini siasa aliijua.

Na hata ndani ya historia yetu tukufu, tusijifiche. Waliomzingira Sayyidna Uthman (R.A.) mwaka 35 Hijria walikuja Madina na malalamiko juu ya magavana, na malalamiko husikilizwa. Wakaishia kumuua nyumbani kwake. Mlango ule ulipovunjwa haukufungika: Waislamu wakapigana wao kwa wao, na Ramadhani ya mwaka 40 Sayyidna Ali (R.A.) akauawa Kufa. Mwanawe Hassan (R.A.) alikuwa na jeshi na alikuwa na haki. Mwaka wa 41 akauacha utawala ili damu isimwagike. Nadhani hatumzungumzi vya kutosha mjukuu huyu wa Mtume.

Sasa nisieleweke kwamba nawaambia mnyamaze. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi iliyo bora. Katiba ya 2010 inakupa haki ya kuandamana kwa amani na kupeleka malalamiko, kifungu cha 37. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 3, inasema serikali iliyoundwa nje yake si halali. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani bila chama na bila kabila, na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wengine waliuawa, Mungu awahurumie. Yupo aliyeandika siku zile "jeshi lichukue". Namuuliza: hao wanajeshi waliotolewa barabarani tarehe 25 Juni, walitolewa kumlinda nani?

Na zile video. Nyingi za Kapteni Traoré zimetengenezwa kwa kompyuta, sauti si yake, na barabara inayoonyeshwa haipo. Yeye aliahidi uchaguzi kufikia Julai 2024. Ulipokaribia akaongezewa miaka mitano. Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua. Aya hiyo inahusu pia kidole kinachobonyeza "tuma".

Karatasi ya mwisho imetoka kwa kijana wa nyuma kule: "Ustadh, na ikitokea kweli asubuhi moja, sisi watu wa Salama tufanye nini?"

Nimelipenda swali hili. Sisi tunakaa kando ya barabara ya Mombasa. Nchi ikitikisika, malori husimama hapa. Mliyaona malori ya Uganda na Rwanda yalivyokwama nchini mwanzoni mwa 2008. Basi asubuhi hiyo kaa nyumbani na watu wako. Usibebe habari usiyoijua. Jirani yako wa kabila jingine au dini nyingine, mwambie mapema kwamba mlango wako uko wazi, asisubiri mpaka akimbizwe. Na lori litakalosimama hapo mbele ya msikiti lina mwenyewe, hata kama limejaa sukari na hakuna askari hata mmoja wa kulitazama. Dereva wake mpeni maji na mahali pa kulala. Ikiwa ni Ramadhani, Mwislamu au si Mwislamu, mleteni afuturu nasi.

Wakati umekwenda, na akina mama wanatungoja na uji. Wale ndugu wawili wa juzi, nawaona mko hapa, mmoja nguzo hii na mwingine nguzo ile. Karibianeni, mtakaa sinia moja leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.