Kuhesabu na Kupima katika Kiingereza



Mhamiaji wa Australia atakaye kujua Kiingereza cha idadi na kiasi, na autazame mpira wa nchi ile, ambao kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Wachezaji 18 kila upande. Bao pointi 6. Mpira ukipita kando ya bao, baina ya nguzo ndefu na fupi, pointi 1, nayo ni sheria ya huruma. Yote hayo huhesabika: ni «many». Muda na matope havihesabiki: ni «much».

Sisi husema wachezaji wengi, muda mwingi, kwa neno moja, na hapo ndipo vijana wetu hukwama mitihanini. Lakini twasema pia wachezaji wachache, muda kidogo. Basi tofauti tunayo. Mwalimu na aanzie hapo.