Hesabu za Pande Mbili: Kutoka Genoa hadi Antwerp

Mwezi Novemba mwaka 1494, mchapaji Paganino Paganini wa Venice alitoa kitabu kinene cha hisabati kilichoandikwa na Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko. Ndani yake mna sehemu fupi kuhusu daftari za wafanyabiashara, na ndiyo iliyompa mtawa huyo jina la baba wa uhasibu. Wasikilizaji wajue kwamba sifa hiyo imezidi kipimo. Pacioli mwenyewe alisema anafuata mtindo wa Venice. Leja ya kampuni ya Farolfi, wafanyabiashara wa Firenze waliokuwa kusini mwa Ufaransa, ni ya mwaka 1299 na 1300, na hesabu za serikali ya Genoa za mwaka 1340 zimeandikwa kwa njia hiyo hiyo ya pande mbili.

Njia yenyewe inasimama juu ya jambo moja: kila muamala una pande mbili, na zote huandikwa. Tuseme mfanyabiashara amenunua pilipili manga kwa dukati 100 taslimu. Hesabu ya pilipili manga itaingizwa 100 kushoto, upande wa debiti; hesabu ya fedha taslimu, 100 kulia, upande wa krediti. Akiiuza yote kwa 120, fedha taslimu itapata debiti ya 120, na pilipili manga krediti ya 120. Tofauti ya 20 katika hesabu ya pilipili manga ni faida, nayo mwishowe huingia kwenye mtaji.

Hapo kwenye mtaji ndipo wanafunzi wengi wa biashara hukwama. Kwa nini fedha ya mwenye mali iandikwe upande mmoja na madeni? Ni kwa sababu biashara huhesabiwa mbali na mwenyewe, na alichokitia ni kitu anachoidai. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hawezi kujua kama anakula faida au anakula mtaji. Katika uhasibu wote, hakuna wazo lenye thamani kuliko hilo.

Pacioli alitaka daftari tatu. Ya kumbukumbu iliandikwa papo hapo, kwa sarafu yoyote iliyotumika; kutoka hapo habari zilihamia kwenye jarida, kisha leja. Kila kilichohamishwa kilipigwa mstari, na pembeni zikaandikwa namba za kurasa za leja.

Leja ikifungwa, jumla ya debiti hulingana na ya krediti, la sivyo kuna kosa. Hata hivyo muamala uliosahauliwa kabisa, au ulioingizwa katika hesabu ya mteja mwingine, hauonekani katika ulinganisho huo, yaani urari.

Pacioli aliandika kwa Kiitaliano, si Kilatini, hivyo wafanyabiashara waliweza kumsoma. Mwaka 1543 njia hiyo ilichapwa London katika kitabu cha Hugh Oldcastle, na Antwerp katika kitabu cha Jan Ympyn, kilichotolewa na mjane wake.