UZITO WA ALAMA ZA KIDATO CHA SITA



Mzazi anayeuza mpunga na kakao ili kumsomesha mwanawe anastahili kufahamu jinsi vyuo vikuu vinavyopima alama za Kidato cha Sita. Daraja lililoandikwa katika matokeo peke yake halitoshi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayohusiana na kozi. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hivyo D mbili zinatosha. D na E hazitoshi.

Kwa waliohitimu mwaka 2014 na 2015, C huhesabiwa pointi 2. Mwaka wa cheti, kwa hiyo, hutazamwa kwanza.

Aidha, pointi 4 ni kiwango cha chini tu; kozi zenye ushindani hudai zaidi, na A ya Historia haimwingizi mtu katika udaktari. Wazazi wanahimizwa kushauriana na walimu kabla ya tahasusi kuchaguliwa, si baada ya matokeo kutangazwa.